Sura ya Saba: Maji Yaliyokataa Kukomaa

Bastola haikuonekana. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Nthambi Kanyiva asubuhi ile ya Ijumaa alipoteremka garini mbele ya hoteli mpya ya Hanad, mtaani Umoja. Alikuwa na maiti, alikuwa na risasi iliyotolewa kwenye maiti, na alikuwa na mtu korokoroni. Chombo chenyewe kilichofyatua risasi kilikuwa kimeyeyuka.

Marehemu alikuwa Sakariye, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla, aliyekutwa chini ndani ya godauni lake mtaani Baba Dogo, kifua kimetobolewa. Aliyemkuta ni Makau, dereva wake. Makau alimwinua tajiri wake akidhani bado anapumua, damu ikamlowesha shati lote, na polisi wa kwanza kufika walipomwona katika hali hiyo hawakuuliza la pili. Walimtia pingu. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji.

Nthambi alikuwa amekabidhiwa faili hilo likiwa limekwisha kufungwa nusu, na kila alipolisoma liligoma kukaa sawa. Mjane wa Sakariye, Qamar, alikuwa amemweleza jambo ambalo halikuandikwa popote: siku chache kabla ya kuuawa, mumewe aligundua maboksi ya dawa bandia za watoto, yamefichwa nyuma ya marobota ya vitambaa. Godauni lile alilitumia pamoja na mshirika wake, Hanad. Sakariye alikasirika, akaapa kwamba angekwenda kuripoti. Hakuwahi kufika kituoni.

Lakini simu ya Hanad ilionyesha kwamba haikutoka Umoja jioni ile ya mauaji. Nyumba yake ilipekuliwa, hoteli yake ikapekuliwa, na hakikupatikana hata kisu cha maana.

"Madam, hapa tulipanda mpaka darini," alisema Konstebo Ochola akifunga mlango wa gari. "Mimi mwenyewe nilitia mkono kwenye mchanga wa lile tangi la samaki. Nikatoka na harufu iliyonifuata hadi nyumbani."

"Najua. Leo hatupekui. Leo tunamsikiliza."

Ndani, viti vilikuwa bado vimevikwa nailoni na kuta zilinukia rangi mbichi. Mafundi walikuwa hawajamaliza jiko. Mifuko ya simiti ilirundikwa kwenye mlango wa uani. Chini ya harufu ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, nzito, kama ya kaa aliyesahauliwa juani. Ilitoka kwenye tangi kubwa la kioo lililokaa ukutani, mkabala na kaunta. Hamkuwa na samaki hata mmoja. Mlikuwa na mawe tu, yamepangwa kama kijilima, na maji meupe kama yaliyooshewa mchele.

Mwanamke mwenye hijabu ya kijani na glavu za mpira alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, ameshika kijichupa chembamba kwenye mwanga. Huyo alikuwa Kawsar, mwenye duka la samaki wa mapambo karibu na soko la Umoja, ambaye Hanad alimwajiri kumjengea tangi la maji ya bahari.

"Hanad, nakwambia kwa mara ya mwisho," alikuwa akisema. "Haya mawe lazima yatoke yote, moja moja, niyakague. Kuna kitu kinaua humu."

"Nawe nimekwambia yaache. Yamezoea mahali pake."

"Yamezoea nini? Konokono wamekufa. Unafungua hoteli mwisho wa mwezi, utawaonyesha wageni maji haya?"

"Nitaonyesha ninachotaka. Pima, andika, nenda zako."

Hanad aligeuka, akawaona polisi, na uso wake ukalainika mara moja. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, kanzu nyeupe imepigwa pasi, ndevu zimekatwa vizuri. Aliwavutia viti.

"Karibuni, afande. Chai bado hatujaanza kupika, mnisamehe."

"Hatukai sana," Nthambi alisema. "Nataka tu uniambie tena. Jioni aliyouawa Sakariye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa. Mawe haya yaliletwa mchana kutoka Pwani, tukayapanga majini hadi karibu na magharibi. Kawsar akaondoka, mimi nikabaki."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mafundi walikwisha kwenda zao."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Iko nami siku zote."

Nthambi alitazama tangi. Kifuniko chake kilikuwa na kufuli dogo la shaba.

"Mbona umefunga samaki ambao hawapo?"

Hanad alicheka kidogo. "Mafundi hawa, afande. Mtu atatupa kipande cha sigara humo, kazi yote iharibike."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi tu. Tangu siku ile hakuna mtu aliyetia mkono humo ila mimi na maaskari wako. Hata Kawsar hupima nikiwa nimesimama hapa."

"Vizuri. Ochola, yaandike hayo kama alivyoyasema. Bwana Hanad atayasoma na kutia sahihi."

Hanad alisoma, akatia sahihi bila hata kukaa. Maneno yale yalimpendeza. Kila neno lilimweka mbali zaidi na Baba Dogo.

Kawsar alikuwa anakusanya vichupa vyake kwa hasira. Nthambi alimfungulia mlango na kutoka naye.

"Dada, una dakika chache?"

"Afande, leo nina hata saa nzima. Nimefukuzwa kazi bila kuambiwa nimefukuzwa."

*

Duka la Kawsar lilikuwa chumba kimoja kirefu, matangi yamepangwa kila upande, pampu zikinguruma polepole. Nyuma kabisa, nyuma ya pazia, kulikuwa na tangi dogo. Maji yake yalikuwa maangavu. Kaa mwekundu alitambaa juu ya jiwe, na madoa ya rangi ya zambarau yalikuwa yameanza kutapakaa juu ya mawe.

"Haya na yale ya Hanad ni mzigo mmoja," alisema Kawsar. "Nilinunua kwa kibali, yakaja yamefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari. Mengi nikapeleka kwake, machache nikabaki nayo. Tazama tofauti."

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Mawe yanakuwaje na uhai?"

Kawsar aliivua glavu moja. "Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe ya zamani. Kilicho hai ni vinavyoishi ndani ya vile vitundu: konokono, minyoo, na bakteria usioweza kuwaona. Njiani baadhi ya viumbe hufa. Ukiyatia majini, vilivyokufa vinaoza, vinatoa amonia. Hiyo ni sumu. Lakini bakteria wanaikula amonia, wanaigeuza, wengine wanakula kile kilichogeuzwa, mpaka kinabaki kitu ambacho samaki anaweza kukivumilia. Hapo tunasema tangi limekomaa. Huchukua wiki kadhaa, na huwezi kuliharakisha."

Alichota maji ya tangi lake, akadondosha dawa, akatikisa. Maji yakawa ya njano.

"Njano ni salama. Ya Hanad leo yamekuwa kijani kibichi. Mzigo ule ule, siku ile ile. Hapa limekomaa, kule limekataa."

"Huenda chumvi yake ni mbovu."

"Chumvi ni hii hii yangu."

"Mchanga je?"

"Nilidhani hivyo. Nikachukua kopo la mchanga wake uliobaki kwenye gunia, nikaliacha kwenye ndoo ya maji safi siku mbili. Nikapima, hamna kitu. Mchanga ni mzuri."

Nthambi alikuwa na wazo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa limemkaa kichwani tangu alipoingia hotelini: Hanad aliosha kitu ndani ya tangi lile. Nguo yenye damu, pengine, kwa dawa kali ya kufulia, ndiyo maana kila kitu kimekufa. Alimwuliza Kawsar.

"Kama alimwaga kitu, kingekwisha," Kawsar alijibu. "Nimebadilisha maji mara mbili. Nikibadilisha, vipimo vinashuka, nafurahi. Siku ya pili vinapanda tena. Anayefanya hivyo bado yumo humo ndani, afande. Anatoa sumu yake kidogo kidogo."

Wazo la nguo likafa hapo. Nthambi akaliacha bila kinyongo.

"Na hiyo si amonia peke yake," Kawsar aliendelea. "Amonia inatokana na viumbe wanaokufa. Kinachowaua ni kingine. Maji yenyewe yamekuwa makali, kama umetia magadi. Ule weupe uliouona ndio dalili yake."

"Kitu gani kinaweza kufanya maji yawe kama magadi?"

"Chokaa. Au simiti mbichi."

Nthambi aliijua simiti mbichi. Miaka michache nyuma alikuwa amemjengea mama yake tangi la maji ya mvua kule Masii. Lilipojaa mara ya kwanza, maji yake yaliteleza mkononi kama sabuni na kumchubua mama vidole, mpaka fundi akawaambia wamwage yote, simiti ilikuwa haijapoa. Akili yake ikatoka Masii ikarudi Umoja, kwenye ile mifuko iliyorundikwa mlangoni pa uani.

"Kawsar, siku mlipoyapanga mawe, ulipiga picha?"

"Napiga kila kazi yangu. Nilipiga nikiwa naondoka."

"Na baada ya hapo ulirudi lini?"

"Si mara moja. Alinipigia simu asubuhi, akasema mshirika wake amefariki, nisije mpaka matanga yaishe. Niliporudi nikakuta ameyapanga mawe upya mwenyewe. Nikaona ni ushamba wake tu, mteja anataka kilima kiwe kirefu upande wa kulia."

Nthambi alimpigia Ochola simu. "Uko wapi?"

"Bado niko hapa nje ya hoteli, madam."

"Rudi ndani. Mwambie umesahau kalamu. Hanad akiinama kuitafuta, piga tangi picha, si kwa mbele, kwa ubavuni, upande wa kulia. Washa tochi ya simu."

Picha ikafika kabla kaa hajavuka jiwe lake. Kawsar aliweka simu mbili kando kwa kando juu ya meza, ya kwake na ya Inspekta, na wote wawili wakainama. Katika picha ya Kawsar, pembe ya nyuma ya tangi ilikuwa wazi, mchanga mtupu. Katika picha ya Ochola, pembe ile ile ilikuwa na jiwe, ukubwa wa mkate, limesukumwa nyuma ya mengine mahali ambapo mtu aliyesimama mbele asingeliona. Lilikuwa la zambarau pande zote, rangi moja, bila doa wala kovu. Na mchangani, kulizunguka, makombe meupe ya konokono yalikuwa yametawanyika.

"Wale konokono," Kawsar alisema polepole. "Walilikaribia wakafa."

"Hilo jiwe ni lako?"

"Wallahi si langu. Rangi ya jiwe la kweli haiko hivyo. Hiyo ni rangi ya sakafu, imechanganywa na simiti."

Nthambi alikuwa tayari amesimama. "Beba glavu zako. Na usimwambie mtu yeyote."

*

Hakimu alitia sahihi kibali cha upekuzi bila maswali mengi. Walipofika tena hotelini, swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na Hanad alikuwa anateremka kwenye gari lake, mswala mkononi. Aliwaona maaskari wanne, akamwona Kawsar nyuma yao, na akasimama.

"Mmeshapekua hapa, afande."

"Tulipekua hoteli. Leo tunapekua maji. Naomba ufunguo wa tangi."

"Mkiyatoa mawe yale nje yatakufa yote. Mwulizeni huyo fundi wenu."

"Hatutayatoa yote," Nthambi alisema. "Tunataka moja tu."

Hanad alitazama kibali muda mrefu kuliko maneno yaliyoandikwa humo. Kisha akautoa ufunguo mfukoni.

Kawsar alifungua kifuniko, akaingiza mkono hadi begani. Alishika jiwe la kwanza, la pembeni, akalisogeza kwa mkono mmoja. Alishika lililofuata, nalo likasogea kirahisi. Mawe ya namna hiyo yamejaa matundu, hayana uzito. Alipofika pembeni nyuma, mkono wake ukakwama.

"Hili ni zito mno," alisema. "Ochola, nisaidie."

Walilitoa wote wawili na kulilaza juu ya karatasi ya nailoni sakafuni. Kwenye mwanga wa dirishani mtu yeyote angeliona. Vitundu vyake vilikuwa vimechomwa kwa kidole au kijiti, vyote vya upana mmoja. Vipande vya matumbawe vilikuwa vimebandikwa juu juu kama karanga kwenye keki. Kawsar alipitisha kidole chenye glavu, kikatoka na zambarau.

"Bwana Hanad," Nthambi alisema, "hili nalo lilitoka Pwani?"

"Mimi si mtaalamu. Mawe alileta Kawsar. Mwulizeni yeye kaleta nini."

"Alipiga picha akiwa anaondoka. Hili halimo."

"Basi ameliweka baadaye."

"Asubuhi ulituambia hakuna aliyetia mkono humo ila wewe na maaskari. Kawsar hupima ukiwa umesimama hapa. Ufunguo unao wewe tu. Umesoma, umetia sahihi."

Hanad alisogea hatua moja kuelekea mlangoni, askari mmoja akamzibia njia.

Gereji ilikuwa mlango wa pili. Ochola alirudi na nyundo kubwa, na nyuma yake mwenye nyundo, mtu mnene mwenye ovaroli, akaegemea mlango kutazama. "Niaje, madam. Mnavunja nini, dhahabu?"

"Kaa huko huko, mzee wangu. Utakuwa shahidi."

Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili likatoa ufa. La tatu likaligawa jiwe katikati, na ndani yake, mahali ambapo jiwe la bahari lingekuwa na vijumba vya minyoo, palikuwa na kifurushi cha nailoni nyeusi kilichozungushiwa utepe wa gundi tabaka kwa tabaka.

Nthambi alivaa glavu mpya, akachukua wembe na kukata nailoni upande mmoja tu, mbali na gundi. Mdomo wa bastola ukachungulia.

"Acheni gundi kama ilivyo," aliwaambia maaskari wake. "Upande wa ndani unanata. Mtu akifunga kwa haraka, alama za vidole vyake hubaki humo, na maji hayafiki. Aliyefunga kifurushi hiki ametuandikia jina lake."

Hanad aliketi kwenye kimoja cha viti vyake vipya, nailoni ikalia chini yake.

"Alitaka kuniangamiza," alisema. "Tumekula pamoja miaka yote hiyo, halafu anataka kunipeleka polisi kwa sababu ya maboksi."

"Zilikuwa dawa za watoto," Nthambi alimjibu. "Simama, Bwana Hanad. Simu yako uiache juu ya meza, kama ulivyoiacha jioni ile."

Alipotolewa nje, mafundi wa gereji, wauza mboga na wanawake wa duka la mkabala walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara. Kawsar alibaki ndani kidogo. Alikuwa anayarudisha mawe ya kweli mahali pake, moja moja, na Nthambi alipogeuka kumwita alimkuta anatabasamu peke yake.

"Yatapona?" Inspekta aliuliza.

"Yapo hai mengi. Yape maji mapya na muda. Bakteria wakifanya kazi yao, kila kitu humu kitarudi."

Bosi wa Nthambi alipiga simu jioni. Ndiye aliyekuwa amemwambia wiki mbili mfululizo kwamba aache kupoteza muda, mtu amepatikana na damu shatini, ataka nini zaidi. Sasa alikohoa kwanza.

"Kanyiva, nimeona ripoti. Kazi safi."

"Asante, mkuu. Naomba faili la Makau liletwe mezani kwako leo."

"Limeshaletwa."

*

Mwishoni mwa wiki maabara ililinganisha risasi na bastola, ikakuta ni chanda na pete. Alama za vidole zilizobaki kwenye gundi zilikuwa za mkono wa kulia wa Hanad, vidole vyote vitano. Kwa hiyo Jumatatu mahakama ilijaa watu waliokuja kusikia shtaka moja, wakasikia lingine. Kiongozi wa mashtaka alisimama, akasema upande wake hauna neno dhidi ya Makau, na hakimu akamwambia yuko huru. Hanad akapandishwa kizimbani mahali alipokuwa amesimama Makau.

Nje, Wavinya, mke wa Makau, alikuwa amekuja na akina mama wa kanisa lake kutoka Kariobangi. Mumewe alipotokea mlangoni, amekonda, shati la kuazima limemwangukia mabegani, vigelegele vilipanda mpaka askari wa lango akasahau kuwanyamazisha. Wavinya hakupiga kigelegele. Alimshika mumewe uso kwa mikono miwili, akaukagua pande zote kama anayehakikisha ndiye.

Nthambi alisimama pembeni, kwenye kivuli cha gari. Ochola alikuwa karibu naye, anajifanya ana kitu jichoni.

Ndipo akina mama wakanyamaza. Qamar alikuwa anakuja kutoka upande wa pili wa uwanja, amevaa nguo nyeupe za eda, binti yake mkubwa Nafiso ubavuni. Watu wakampisha. Makau alimwona, akamwachia mkewe mkono, akainamisha kichwa.

"Mama Nafiso," alisema. "Pole kwa msiba. Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Qamar alimtazama. Kwa wiki zote zile polisi walikuwa wamemwambia kwamba huyu ndiye aliyemuua mumewe.

"Nilisikia kwamba ulimwinua," alisema. "Kwamba ulimshika kichwa, ukampigia kelele aamke."

"Nilidhani anapumua, mama."

"Basi hakufa peke yake." Alimvuta Nafiso karibu. "Watoto wanafungua shule kesho. Hawataki kupelekwa na mtu mwingine. Utakuja?"

Makau aliitikia kwa kichwa, tena na tena, na Nafiso akamshika mkono.

Safari hii hata Wavinya alipiga kigelegele.